Mali Bila Daftari

Liko neno moja ambalo nimelichukia tangu nianze kulisikia likitajwa katika pwani yetu, nalo ni neno "bure". Si bure ile ya kupewa kitu pasipo malipo. Hiyo nani aikataaye? Nasema bure ya "pale panalala bure". Mtu husimama kando ya barabara, akatazama mikoko na matope yaliyo nyuma yake. Maji yamekupwa, kunanuka kidogo, hapana nyumba wala shamba. Basi hutikisa kichwa akasema, "Ardhi yote hii inalala bure!" Akiwa ni mpita njia, maneno yake huenda na upepo. Lakini akiwa na cheo, au fedha, au vyote viwili, maneno hayo huwa jiwe la msingi. Kesho huja vigingi, kesho kutwa huja ua wa seng'enge, na mtondo huja kibao kilichoandikwa kwamba hakuna njia.

Nayaandika haya kulipinga neno hilo. Nayaandika pia kuwapinga watu wa namna mbili wanaolilea: yule asemaye kwamba penye matope hapana kitu, na yule asemaye kwamba kutazama kilichopo, hasa ndege, ni kazi ya Wazungu wasio na shughuli. Huyu wa kwanza ndiye tumzoeaye kumlaumu. Mimi naona kwamba hangeshinda hata siku moja lau si msaada wa huyu wa pili.

Kwa kuwa sipendi kubishana kwa maneno matupu, namwomba msomaji tutembee kidogo. Twende Mida, kusini ya Malindi, mkono wa bahari ulioingia bara nyuma ya Watamu. Hapana mto mkubwa umwagao maji katika hori hili. Maji matamu hupenya chini kwa chini kutoka upande wa msitu wa Arabuko-Sokoke, na maji ya chumvi huingia na kutoka kwa mlango wake mwembamba, mara mbili kila siku. Tuchague mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma, siku za bamvua. Tufike saa mbili za asubuhi maji yakiwa yanatoka, maana ndege hawafuati saa ya ukutani, hufuata maji.

Ukishaipita minazi na mikorosho unakutana na mikoko. Wengi huiita yote mikoko, kama kwamba ni mti mmoja, lakini mafundi wa nyumba na wa vyombo hawakosei: huu mkoko wenyewe, na mizizi yake kama miguu ya buibui, huu mkandaa, boriti zake zimenyooka, huu mchu, uliosimamisha mizizi yake juu ya tope kama misumari ili ipate kupumua. Chini yake kaa wa kila rangi wanakimbilia mashimoni. Halafu ghafula miti inakwisha, na mbele yako ni uwanda wa tope unaong'aa. Ukisimama kimya hapo kwa muda wa robo saa, utaona kwamba uwanda wote unatembea.

Wa kwanza kumwona ni ndege mweupe mwenye weusi mgongoni, miguu mirefu ya rangi ya majivu, na mdomo mweusi mnene kama kisu cha mchinjaji. Chakula chake ni kaa, basi tumwite mla kaa. Hutembea polepole kama mzee atokaye msikitini, kisha kwa ghafula hukimbia hatua chache akamdaka kaa kabla hajalifikia tundu. Katika familia yake ya ndege yuko peke yake duniani. Wala hazai kwetu. Huzaa wakati wa joto katika visiwa na fukwe za Ghuba, za Oman, za Bahari ya Shamu na za Somalia. Huchimba shimo mchangani, akataga humo yai moja tu jeupe, na joto la mchanga humsaidia kuatamia. Kisha huja kwetu na kinda wake. Hata hapa Mida utaona kinda aliyekwisha kulingana na mzazi kwa kimo, lakini angali anamfuata nyuma akidai kulishwa.

Wazee wetu waliyajua majahazi yaliyotoka pande hizo hizo. Yalikuja na kaskazi yamepakia tende na mazulia, yakarudi na kusi yamejaa boriti za mikoko, ambazo zilibeba dari za nyumba za Ghuba, kwani huko miti mirefu ilikuwa adimu. Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kupeleka boriti nchi za nje. Biashara ile imekwisha, lakini mla kaa angali anakuja.

Wa pili ni vitwitwi. Hawa ni wengi, wadogo, wa rangi ya tope, na mtu asiyewazoea huwaona kuwa ni kitu kimoja. Tumshike mmoja tu, yule mwenye mdomo uliopinda kidogo kwenda chini. Uzito wake ni gramu 60 hivi, yaani sawasawa na yai la kuku. Alizaliwa kaskazini kabisa ya Siberia, mahali ambapo ardhi huganda kwa baridi karibu mwaka mzima. Mwezi wa Aprili ataanza kugeuka mwekundu kama tofali na kunenepa, kisha ataondoka kurudi huko akazae. Mafuta ya safari yake yanatoka katika tope hili. Humo mna minyoo, konokono na vijikaa visivyohesabika, wanaolishwa na majani ya mikoko yanayoanguka na kuoza. Hiyo harufu tunayoizibia pua ni harufu ya jiko. Na kila ndege ana mdomo wa urefu wake: mwenye mfupi huokota juu, mwenye mrefu huchovya chini, hata wote wakala sahani moja bila kugombana. Laiti sisi tungalikuwa hivyo.

Halafu yuko kulasitara aliyesimama kama mwanzi, yuko mdiria juu ya tawi, yuko yangeyange, na nje kidogo buabua wanaopiga mbizi. Lakini wako na watu, na hapa namwomba msomaji asikimbilie mbele. Wako wanawake walioinama wakitafuta chaza. Wako vijana wanaochimba chambo. Yuko mtu mwenye fimbo ya ncha ya ndoano anayemtoa kaa mkubwa shimoni bila kukatwa kidole, ujuzi ambao hakuufundishwa darasani. Wako wavuvi wanaojua kwamba samaki wengi wawavuao nje, pamoja na kamba, walilelewa utotoni katikati ya mizizi hii. Maji yakijaa, wote hawa huondoka. Mwenye kupita na gari alasiri huona maji matulivu tu, akasema panalala bure.

Nimepata kuhudhuria baraza moja ambapo ofisa alitandika ramani mezani. Barabara ilikuwa nyekundu, mashamba ya watu yalikuwa ya kijani, na mahali pa mikoko na tope palikuwa peupe. Akaweka kidole juu ya weupe ule akasema ni eneo lisilotumika. Mama mmoja akainuka akasema yeye hutumia mahali hapo kila siku, na mama yake kabla yake. Ofisa hakumkatalia, wala hakumdhihaki. Alimwuliza swali moja tu, tena kwa adabu: "Mama, mna hesabu yoyote?" Baraza lote likanyamaza.

Ndugu msomaji, kimya kile ndicho kinachonisumbua. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Tumeutumia msemo huu kwa duka na kwa mirathi, tukausahau kwa ufuo. Yule ofisa alikuwa na karatasi, nasi tulikuwa na ukweli, na katika ofisi zetu ukweli usioandikwa hausimami mbele ya karatasi.

Wako wasemao kwamba kuhesabu ndege hakumzuii tajiri. Basi na watazame jinsi mambo yanavyokwenda. Upo Mkataba wa Ramsar, ulioitwa kwa jina la mji wa Iran ulikotiwa sahihi tarehe 2 Februari 1971. Mkataba huo unahusu ardhi oevu, yaani maziwa, vinamasi, mikoko na fukwe za tope. Miongoni mwa vipimo vyake viwili ni vya hesabu tupu. Mahali panapokaa ndege wa majini 20,000 au zaidi kwa kawaida pana sifa ya kutambuliwa kuwa na umuhimu kwa dunia nzima. Na mahali panapotegemewa na asilimia 1 ya ndege wote wa jamii moja, napo pana sifa hiyo. Basi, asiyehesabu atathibitisha nini? Hapo mwenye uzuri wa maneno na mwenye machozi hawafui dafu mbele ya mwenye daftari.

Kenya ilijiunga na mkataba huo mwaka 1990 ikaandikisha Ziwa Nakuru. Zikafuata Naivasha mwaka 1995, Bogoria 2001, Baringo 2002 na Elmenteita 2005. Zote tano ni za Bonde la Ufa. Pwani ilingoja mpaka mwaka 2012, Delta ya Tana ilipoandikishwa. Miaka 22 baada ya Nakuru! Jirani zetu wa Tanzania walijiunga mwaka 2000, na eneo lao la pwani, la Rufiji, Mafia na Kilwa, likaandikishwa mwaka 2004. Sisemi kwamba kuandikishwa ni kinga ya kutosha, kwani karatasi haizuii shoka. Nasema kwamba asiye na karatasi hata mlango wa kubishia haujui.

Na hiyo Tana yenyewe inatufunza mengine. Kwa mtu aitazamaye ramani, ni uwanda mkubwa wenye maji, na katika miaka ya 2000 ilitakwa kwa miradi ya mashamba makubwa ya miwa na mimea ya mafuta. Lakini ardhi ile Wapokomo huilima mto ukishafurika na kupwa, na Waorma huleta ng'ombe wao humo wakati wa kiangazi, malisho ya kwingine yakikauka. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa huko katika mapigano ya jamii hizo mbili. Sababu zilikuwa nyingi, na siasa haikukosekana, lakini ugomvi wa maji, malisho na mashamba ulikuwamo ndani yake. Ardhi isiyotumika haifiwi na watu hivyo. Mwezi wa Februari 2013, katika kesi iliyoletwa na wakazi, Mahakama Kuu iliagiza kwamba mipango ya matumizi ya ardhi ya delta itungwe kwa kuwashirikisha wenyeji. Ilitakiwa hukumu ya jaji kusema jambo ambalo kila mchunga ng'ombe alilijua.

Sasa nimgeukie huyu wa pili, asemaye kutazama ndege ni starehe ya Wazungu. Simchukii, maana mara nyingi ni rafiki yangu. Hucheka akiniona na darubini shingoni akaniuliza nimelipwa kiasi gani. Lakini namwuliza naye: majina haya, kulasitara, kitwitwi, buabua, shakwe, mnandi, mwari, heroe, furukombe, yaliletwa na meli gani? Nani aliyeyatunga kama si watu waliotazama, tena kwa makini, hata wakampa kila mmoja jina lake? Mvuvi wa jodari akiona buabua wamejazana mahali baharini wakipiga mbizi, huelekeza chombo huko. Huyo si mtazamaji ndege? Tofauti yake na Mzungu wa darubini ni moja tu. Mzungu akirudi hotelini huandika: tarehe, mahali, aina, idadi. Mwezi wa Oktoba 2024 aina 16 za ndege wa fukwe zilisogezwa kwenye madaraja ya hatari zaidi katika orodha ya dunia ya viumbe, na yule kitwitwi wetu wa Siberia ni mmoja wao. Habari hiyo imejulikana kwa kuwa watu wa nchi nyingi walihesabu mwaka hadi mwaka. Sensa ya kimataifa ya ndege wa majini hufanywa kila Januari tangu mwaka 1967. Ujuzi ni wetu pia. Kwa nini daftari liwe la wengine?

Atanijibu kwamba tumbo haliombi hesabu ya vitwitwi, linaomba kazi. Jibu hili lina uzito, na mtu alikwepaye si mkweli. Kaskazini ya mto Sabaki, huko Magarini, viko viwanda vya chumvi, na vimewapa watu kazi. Ndege wenyewe hawana ugomvi na chumvi. Hutua kwenye mabwawa yake wakala. Lakini mwaka 2005 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikwenda kukaa huko kusikiliza watu, na waliyoyaleta watu yalikuwa malalamiko ya ardhi, ya mikoko, na ya hali za wafanyakazi wenyewe. Basi swali si kazi au ndege. Swali ni hili: kabla ya mradi kuanza, nani alikuwa ameandika kwamba mahali pale palikuwa tayari na kazi, za chaza, za kaa, za kamba na za samaki? Kazi mpya huhesabiwa moja moja na kutangazwa redioni. Kazi za zamani hupotea bila hata kutajwa, kwa sababu hazikuwa na mshahara wala daftari.

Wala sitaki kueleweka kwamba dawa ni kuwaachia wahifadhi kila kitu. Wako wahifadhi ambao ramani yao inafanana sana na ile ya ofisa wangu wa barazani: mahali pale pale peupe, ila wao hupachora ndege. Mtu bado hayumo. Mwanamke wa chaza akifukuzwa ili kitwitwi apate nafasi, amefukuzwa vile vile kama aliyefukuzwa kwa ajili ya hoteli. Mida imo katika hifadhi ya bahari ya Watamu tangu mwaka 1968, na uvuvi wa asili umeruhusiwa humo. Ndivyo ipasavyo kuwa. Papo hapo Mida lilijengwa daraja la kamba la kupita juu ya mikoko hadi kibanda cha kutazamia ndege, na ada za wageni zikaelekezwa kwenye karo za watoto wa sekondari wa vijiji vya jirani. Mtoto aliyesomeshwa na mla kaa hatasema kwamba ndege huyo ni wa Mzungu.

Ushahidi mwingine uko Gazi, kusini ya Mombasa. Tangu mwaka 2013 wanakijiji wa huko wanalinda hekta 117 za mikoko katika mradi uitwao Mikoko Pamoja, na wanauza hewa ya ukaa iliyohifadhiwa na miti hiyo. Fedha zake zimeleta maji na vitabu vya shule. Ulikuwa mradi wa kwanza wa namna hiyo duniani kwa mikoko. Unafikiri mnunuzi wa Ulaya alishawishika kwa hotuba? Alioneshwa vipimo: unene wa shina, urefu wa mti, idadi ya miti. Miti ile ilikuwapo siku zote. Kilichoongezwa ni daftari.

Basi tufanye nini? Sipendekezi jambo kubwa, wala lenye kuhitaji mfadhili. Kila shule iliyo karibu na hori, na kila chama cha wavuvi, kitafute vitu vitatu: jedwali la maji, daftari gumu, na mtu mmoja asiyechoka. Siku moja kila mwezi, maji yakijaa, ndege wa tope hukusanyika pamoja mahali palipoinuka wakingoja yapwe. Hapo ndipo pa kuwahesabu. Hesabu kumi, uone ukubwa wa kumi ulivyo, kisha ulipime kundi zima kwa kumi hizo. Andika tarehe, saa, hali ya maji, jina la ndege kwa Kiswahili au kwa Kigiriama au kwa Kibajuni, na idadi. Maji yakipwa, rudi tena, na safari hii uhesabu watu. Wanawake wangapi wa chaza, wavuvi wangapi, kaa wangapi wameuzwa, kwa bei gani. Viandike katika ukurasa mmoja na ndege. Visitenganishwe, kwa sababu anayetaka kutushinda huanza kwa kuvitenganisha.

Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inataka mradi mkubwa ufanyiwe tathmini kwanza, na watu wapewe nafasi ya kusema. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Milango hiyo iko wazi, lakini mara nyingi huenda mikono mitupu, tukapiga kelele, tukarudi nyumbani tumekasirika. Hasira haina tarehe wala idadi, na karani hana pa kuijaza katika fomu yake. Daftari la miaka 5 lililoandikwa na watoto wa shule, lenye doa la tope kwenye jalada, karani hulazimika kulipokea, kulipiga mhuri na kulijibu. Likipuuzwa huko, wakili hulichukua mahakamani.

Asemaye panalala bure hatanyamaza kwa kuombwa. Atanyamaza siku atakapoulizwa, mbele ya watu, anazungumzia ukurasa wa ngapi.